Nani Aliyeagiza Picha? Aina za Upigaji Picha wa Kitaaluma na Madhumuni Yake katika Afrika Mashariki kuanzia 1846

Ikisiri

Insha hii inachunguza aina kuu za upigaji picha wa kitaaluma zilizojitokeza katika Afrika Mashariki, hususan katika miji ya pwani, tangu katikati ya karne ya 19. Aina zinazojadiliwa ni picha za uchunguzi na ushahidi, picha za studio, postikadi, picha za dola, picha za habari, na picha za kumbukumbu na burudani. Hoja kuu ni kwamba aina ya picha haibainiki kwa kutazama kilichomo ndani yake tu. Hubainika kwa kuulizia uhusiano wa pande tatu: aliyeiagiza na kuilipia, aliyepigwa, na aliyeihifadhi. Uhusiano huo unapobadilika, picha ile ile hubadilika madhumuni, na kwa hiyo hubadilika pia thamani yake kama ushahidi wa kihistoria.

1.0 Utangulizi

Vitabu vya kufundishia upigaji picha huzigawa kazi za mpiga picha kwa kufuata kinachopigwa. Kuna picha za sura za watu, za harusi, za habari, za bidhaa, za majengo na za mandhari. Mgawanyo huo unamfaa mwanafunzi anayejifunza kuchagua lenzi na kupanga taa, lakini haumtoshelezi mwanahistoria. Mwanamke aliyevaa kanga, ameketi kitini mbele ya pazia lililochorwa nguzo na maua, anaweza kuwa mteja aliyelipa fedha zake ili awatumie jamaa picha. Anaweza pia kuwa mtu aliyeletwa studio ili picha yake iuzwe kwa wasafiri, au mtu aliyewekwa mbele ya kamera na mtafiti wa kigeni kama mfano wa kabila fulani. Kwa macho, picha hizo tatu zinaweza kufanana. Kihistoria ni vitu vitatu tofauti.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika utafiti wa Afrika Mashariki kwa sababu sehemu kubwa ya picha za kale za eneo hili imehifadhiwa mbali na watu waliopigwa. Mkusanyiko wa Winterton ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, kwa mfano, una zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Mikusanyiko ya namna hiyo iliundwa na wanunuzi na wakusanyaji, na maelezo yaliyoandikwa chini ya picha mara nyingi ni ya mnunuzi, si ya aliyepigwa. Mtafiti anayeyapokea maelezo hayo bila kuhoji madhumuni ya picha hujikuta akirudia sauti ya upande mmoja tu.

2.0 Picha za Uchunguzi na Ushahidi

Upigaji picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, na haukuchukua hata miaka kumi kufika katika pwani ya Afrika Mashariki. Kati ya 1846 na 1848 afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Charles Guillain, aliizunguka pwani hiyo akiwa na kamera ya mtindo wa Daguerre, uliotoa picha moja tu isiyo na nakala juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Madhumuni ya safari yake yalikuwa ya kibiashara na kisiasa: Ufaransa ilitaka kuzijua bandari, watawala na bidhaa za eneo lililokuwa chini ya ushawishi wa Sayyid Said bin Sultan. Picha alizopiga ziligeuzwa baadaye kuwa michoro ya chapa ya mawe na kuandamana na kitabu chake kuhusu historia, jiografia na biashara ya Afrika Mashariki. Hivyo basi, picha za kwanza kabisa za watu wa pwani zilikuwa sehemu ya taarifa ya upelelezi wa kibiashara. Waliopigwa hawakuziagiza, wala mabamba yale hayakubaki kwao.

Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyekuwa akijiandaa kwenda bara pamoja na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipiga picha mjini Zanzibar. Mbinu ya wakati huo ilimlazimu mpiga picha kupaka kioo dawa ya kolodioni, kukipiga picha na kukisafisha kabla dawa haijakauka. Katika joto la nchi za tropiki, na katika msafara uliobebwa vichwani na wapagazi, kazi hiyo ilikuwa ngumu mno. Grant aliiacha kamera na kutegemea kalamu na rangi kwa sehemu kubwa ya safari. Jambo hili linaeleza kwa nini picha za miongo ya mwanzo zimejikita mijini na bandarini. Ukimya wa bara katika kumbukumbu hizo umetokana na kemia kuliko na historia yenyewe.

Picha za ushahidi zilipata nguvu mpya katika mapambano dhidi ya biashara ya watumwa baharini. Nahodha George Sulivan wa meli ya Uingereza iitwayo Daphne alipiga picha za watu waliookolewa kutoka majahazini mwaka 1868, na kitabu chake cha mwaka 1873 kilipambwa kwa michoro iliyotokana na picha na michoro ya mahali pale pale. Mwaka huo huo, tarehe 5 Juni, Sultan Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Si sahihi kudai kwamba picha ndizo zilizoleta mkataba. Hata hivyo, zilifanya kazi ambayo maneno hayakuiweza: zilimwonesha msomaji wa Uingereza miili iliyodhoofika ambayo asingeweza kuikana. Papo hapo picha hizo ziliwafanya waliookolewa wajulikane kwa hali yao tu, pasipo majina yao wala makwao. Huruma ya mtazamaji ilikuwa imenunuliwa kwa gharama ya utambulisho wa anayehurumiwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, uchunguzi huo ulichukua sura ya taaluma ya ethnolojia. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alisafiri kusini mwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1906, akipita Lindi, Masasi na uwanda wa Makonde, akiwa na kamera, mashine ya filamu na kinasa sauti. Vita vya Majimaji vilikuwa bado havijazimika kabisa. Watu waliosimama mbele ya kamera yake walikuwa watu wa nchi iliyovamiwa, na uwezo wao wa kukataa ulikuwa na mipaka. Mtafiti wa leo anaweza kujifunza mengi kutoka katika picha hizo kuhusu ndonya, chale, nyumba na ngoma. Anachopaswa kukumbuka ni kwamba ukimya wa sura zile si lazima uwe desturi ya watu, kwani huenda ni jibu lao kwa mazingira ya kupigwa.

3.0 Studio na Picha ya Heshima

Madhumuni ya picha yalibadilika kabisa pale mtu wa pwani alipoanza kuwa mteja. Mwaka 1854 mpiga picha wa Paris, Disdéri, alikuwa amesajili mbinu ya kutoa picha ndogo kadhaa, za ukubwa wa kadi, kutoka bamba moja. Bei ilishuka, na picha ya sura ikawa kitu cha kugawa, kutuma kwa barua na kupanga katika albamu. Biashara hiyo ilifika Zanzibar kupitia njia za Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa miaka ya 1860 A. C. Gomes, mhamiaji kutoka Goa, alifungua studio mjini humo, na baadaye akafuatiwa na wenzake kama ndugu wa Coutinho. Kwa hiyo, historia ya studio za pwani haiwezi kusimuliwa kama habari ya Mzungu na Mwafrika peke yao. Ilijengwa na mafundi wa Kigoa na wa Kigujarati waliokuwa wakazi wa miji hiyo, waliojua lugha na adabu za wateja wao.

Studio ilikuwa na utaratibu wake. Kulikuwa na pazia lililochorwa mandhari, kiti cha kuchongwa, meza yenye vitabu au maua, zulia, na mwanga uliopitishwa dirishani au juu ya dari. Mteja aliwekwa sawa: mkono juu ya meza, kanzu ikanyooshwa, joho likakaa vyema mabegani, jambia likaonekana. Masultani walitumia utaratibu huo kama lugha ya kidiplomasia. Barghash alipozuru London mwaka 1875 alipigwa picha akiwa katika mavazi rasmi, na sura yake ikasambaa miongoni mwa watu ambao wasingefika Zanzibar maisha yao yote. Picha ya mtawala ilikuwa barua ya utambulisho baina ya dola na dola.

Mfano wenye utata zaidi ni wa dada yake, Sayyida Salme, aliyeondoka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kujulikana kama Emily Ruete. Picha zake mashuhuri akiwa amevaa mavazi ya kifalme ya Zanzibar zilipigwa katika studio ya H. F. Plate mjini Hamburg. Mavazi hayakuwa ya kukodi wala ya kuigiza, kwani yalikuwa yake. Lakini mahali, fundi na watazamaji walikuwa wageni, na lililokuwa vazi la nyumbani lilionekana huko kuwa ajabu ya Mashariki. Baada ya kumbukumbu zake kuchapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, sura ile ikawa sura ya kitabu. Leo inatazamwa na wageni katika jumba la makumbusho la Zanzibar. Picha moja, basi, imepita katika madhumuni matatu: kumbukumbu ya mtu aliyehama kwao, kielelezo cha kitabu, na kivutio cha makumbusho.

Kwa watu wa kawaida, studio ilipata maana ya kina baada ya amri ya 1897 iliyoondoa uhalali wa utumwa Zanzibar. Mwanahistoria Laura Fair ameonesha jinsi watu waliokuwa watumwa na watoto wao walivyotumia mavazi kudai hadhi mpya. Kanga za rangi na baadaye buibui zilichukua nafasi ya vitambaa duni walivyokuwa wakivalishwa watumwa. Katika mazingira hayo, kwenda studio na kupigwa picha umevaa ulivyotaka kulikuwa tendo la kijamii lenye uzito. Mtu ambaye kwa sheria ya jana alikuwa mali ya mwingine aliweza kuagiza sura yake mwenyewe, akailipia, na kuondoka nayo. Hapa pande tatu zilikutana kwa mtu mmoja: aliyeagiza, aliyepigwa na aliyehifadhi.

4.0 Postikadi: Sura ya Mtu kama Bidhaa

Studio zile zile, hata hivyo, zilikuwa na mlango wa pili. Kuanzia miaka ya 1890 biashara ya postikadi za picha ilikua duniani, na Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa bandari zilizopitiwa na abiria wengi. Wapiga picha waliuza picha za minara, mitaa ya Mji Mkongwe, mashamba ya mikarafuu, na magofu ya jumba la sultani baada ya mashambulizi ya mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyodumu chini ya saa moja. Waliuza pia sura za watu. Nyingi kati ya hizo zilipelekwa Ulaya kuchapishwa, kisha zikarudishwa pwani kuuzwa kwa wageni.

Kilichotofautisha postikadi na picha ya studio mara nyingi hakikuwa picha, bali maandishi. Mwanamke aliyepigwa kwa mkao ule ule, mbele ya pazia lile lile, hakutajwa jina. Chini yake yaliandikwa maneno ya jumla ya kumtaja kama mrembo wa Kiswahili au mwanamke wa Kiarabu. Prita Meier, aliyechunguza kwa kina picha za pwani ya Waswahili, anasisitiza kwamba picha hizi ni vitu vilivyosafiri na kubadilishwa maana mikononi mwa waliozishika. Ni vigumu kujua katika kila kadi kama aliyepigwa aliridhia kuuzwa kwa sura yake, au alikuwa mteja aliyefikiri kwamba bamba lake litabaki kabatini. Bamba lilikuwa mali ya studio, na aliyelimiliki aliweza kutoa nakala apendavyo.

Hapa panajitokeza hatari kubwa ya kimethodolojia. Mtafiti wa mavazi anaweza kutumia postikadi kama ushahidi wa jinsi wanawake wa Zanzibar walivyovaa mwaka 1905. Lakini mavazi na mapambo ya studio yangeweza kuwa ya studio yenyewe, na mkao ungeweza kuwa wa kumfurahisha mnunuzi. Postikadi ni ushahidi thabiti wa kile ambacho mnunuzi alitaka kukiona. Kuhusu maisha ya aliyepigwa, ni ushahidi wa kuhojiwa kwa makini na kulinganishwa na vyanzo vingine.

5.0 Picha za Dola

Dola ilihitaji picha za namna mbili: za kazi zake na za watu wake. Katika kundi la kwanza, ujenzi wa reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria kati ya 1896 na 1901 uliandamana na kazi ya William D. Young, aliyepiga picha za madaraja, kambi na vituo. Madhumuni ya picha hizo yalikuwa kuthibitisha kwamba fedha nyingi za umma wa Uingereza zilikuwa zikigeuka kuwa chuma na mawe. Vibarua walioletwa kutoka India huonekana humo kama kipimo cha ukubwa wa daraja.

Katika kundi la pili, historia ya kipande nchini Kenya ina funzo muhimu. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alilazimika kubeba kipande, mara nyingi katika kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kipande hicho cha awali kilibeba alama za vidole na orodha ya waajiri. Sura haikuhitajika. Dola ilitaka kumfuata mfanyakazi mtoro, na kwa kazi hiyo kidole kilitosha. Utawala ulipotaka kuwaandikisha watu wa mataifa yote mwishoni mwa miaka ya 1940, Wazungu wengi walipinga vikali kuchukuliwa alama za vidole, wakiiona kuwa fedheha. Upinzani huo unaonesha kwamba namna ya kumtambulisha mtu haikuwa suala la ufundi tu. Ilikuwa pia daraja la heshima.

Katika miongo iliyofuata picha ya pasipoti iliwekwa katika vitambulisho, leseni, fomu za shule na maombi ya mikopo, ikawa chanzo cha kudumu cha mapato ya studio ndogo. Namna aina hii ilivyoingiliana na picha ya heshima inadhihirika mbali na pwani, katika mji wa Gulu kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2013 mpiga picha Martina Bacigalupo alichapisha mkusanyiko wa mabaki aliyoyakuta katika studio ya mji huo. Kwa kuwa mashine ya picha za utambulisho ilitoa nakala nne kwa pamoja na wateja wengi hawakuhitaji zote, studio ilipiga picha ya kawaida ya mtu aliyeketi, kisha ikakata mraba wa uso. Uso ulienda kwenye fomu. Kiwiliwili kilibaki, kikiwa na mikono iliyokunjwa, mtoto aliyepakatwa, na koti moja la kuazimwa linalorudi kutoka mteja hadi mteja. Mabaki hayo yanaonesha bila maneno mpaka wa picha ya utambulisho: taasisi inayoiagiza huchukua tu kile inachokihitaji, na maisha mengine ya mtu hubaki sakafuni.

Picha rasmi ya dola huru nayo ina madhumuni yake. Picha ya Mwalimu Julius Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, Aprili 1964, ni miongoni mwa picha zinazofahamika zaidi nchini Tanzania. Muungano ulikuwa hati ya kisheria, na hati haionekani. Tendo la kumimina udongo kutoka vyombo viwili hadi kimoja liliandaliwa ili lionekane, na kamera ilikuwa sehemu ya tendo lenyewe. Vivyo hivyo picha ya rais inayotundikwa ukutani katika ofisi na maduka haikusudiwi kumfahamisha mtazamaji sura asiyoijua. Inakusudiwa kuiweka dola mahali ambapo mwenyewe hayupo.

6.0 Picha za Habari

Upigaji picha za habari hutofautiana na aina zilizotangulia kwa kuwa anayepigwa hajaagiza, hajalipa, na mara nyingi hajui picha itaenda wapi. Anayelipa ni gazeti au shirika, na mtazamaji yuko mbali. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, aliianzisha Camerapix mjini humo mwaka 1963 na kurekodi siku za Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Mwaka 1969 alikuwa Nairobi siku Tom Mboya alipopigwa risasi. Mwenzake wa Nairobi, Priya Ramrakha, aliyefanya kazi na jarida la Life, aliuawa Oktoba 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra nchini Nigeria. Maisha yao yanabatilisha dhana kwamba habari za Afrika zilipigwa na wageni peke yao.

Kazi ya Amin iliyotikisa dunia ilifanyika Ethiopia. Oktoba 1984 alirekodi hali ya njaa huko Korem akiwa na mwandishi Michael Buerk wa BBC, na taarifa ikatangazwa tarehe 23 ya mwezi huo. Michango iliyofuata, pamoja na matamasha ya Julai 1985, ilivuta misaada mikubwa. Picha hizo zilitimiza madhumuni yake kwa kiwango ambacho aina nyingine hazijawahi kukikaribia. Hata hivyo, ukizilinganisha na picha za Sulivan za 1868, mfanano ni wa kushtua. Kwa mara nyingine mwili uliodhoofika ulisadikisha, na kwa mara nyingine mwenye mwili hakuwa na jina. Haifuati kwamba picha hizo zisingepigwa. Kinachofuata ni kwamba manufaa ya picha na haki ya anayepigwa ni mambo mawili, na la kwanza halifuti la pili. Amin mwenyewe alilipa gharama kubwa kwa kazi hiyo: alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991, na akafariki Novemba 1996 ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

7.0 Picha za Kumbukumbu na Burudani

Karne ya 20 ilipoendelea, picha ya kuagizwa na mteja ilipanuka na kuwa jambo la kila siku. Capital Art Studio, iliyoanzishwa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ilipiga picha za baraza la sultani, za familia za mjini na za matukio ya umma, ikaendelea baada ya Mapinduzi chini ya mwanawe. Kwa sababu hiyo, hazina ya studio moja inagusa tawala mbili zilizopingana. Mpiga picha wa mtaa hubaki tawala zinapopita.

Huko Lamu, Omar Said Bakor alijifundisha mwenyewe na kutumia chumba cha giza kuunganisha negatifu mbalimbali, akitoa sura za wateja zilizochanua ndani ya maua au kuwekwa katika mandhari zisizowezekana. Kazi yake inaleta pingamizi halali kwa hoja ya insha hii: mpiga picha naye ana madhumuni, na si mtumishi tu wa anayelipa. Pingamizi hilo linakubalika kwa kiasi. Ubunifu wa Bakor uliwezekana kwa kuwa wateja wake waliuridhia na kuununua. Aina ya picha ilibaki kuwa ya kumbukumbu, na fundi akaipanua kutoka ndani.

Mombasa ilikuwa na sura nyingine. Karibu na kivuko cha Likoni wapiga picha, wengi wao wahamiaji kutoka bara, walijenga vibanda vyenye mapazia ya majengo, meli na ndege. Heike Behrend, aliyewatafiti kwa muda mrefu, anaeleza jinsi wateja ambao wenyewe walikuwa wageni mjini walivyotuma picha hizo makwao kuonesha kwamba wamefika na wanaendelea vizuri. Vurugu za Likoni za Agosti 1997, zilizowalenga watu waliohesabiwa kuwa wa kuja, zilifichua udhaifu wa ahadi hiyo. Pazia liliweza kumpa mhamiaji mji, lakini halikuweza kumlinda ndani yake.

Katika harusi za pwani, suala kuu limekuwa mtazamaji. Bibi harusi aliyepambwa huoneshwa kwa wanawake wenzake, na picha huweza kuitoa sura hiyo nje ya mduara huo. Ndiyo maana familia nyingi huhitaji mpiga picha mwanamke, huweka masharti kuhusu nakala, au hukataza kamera kabisa. Masharti hayo hayapaswi kuchukuliwa kuwa woga wa teknolojia. Ni utambuzi wa jambo ambalo wateja wa studio za zamani walilijua kwa uchungu: anayeshika negatifu ndiye anayeamua picha itakuwa ya aina gani kesho.

8.0 Matokeo kwa Utafiti

Uchambuzi huu unazaa mapendekezo matatu. Kwanza, rekodi ya picha katika hifadhi isiishie kwenye tarehe, mahali na mada. Iongezwe aliyeagiza, aliyelipa na njia ambayo picha ilipitia hadi kufika hifadhini, na pale taarifa inapokosekana pengo lionekane wazi. Pili, maelezo ya asili yanayowataja watu kwa kabila tu yahifadhiwe kama ushahidi wa fikra za wakati huo, lakini yatenganishwe na maelezo ya mtaalamu. Tatu, utafutaji wa majina uwe kazi ya kitaaluma inayoheshimika. Albamu za familia za Zanzibar, Lamu na Mombasa zinaweza kuwa na nakala za picha ambazo hifadhi za nje zinazo bila majina. Kazi hii ina haraka, kwa kuwa unyevu na kuvu vya pwani huharibu negatifu, na wazee wanaoweza kuwatambua waliopigwa wanapungua.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba picha za uchunguzi, za studio, za biashara, za dola, za habari na za kumbukumbu hazitenganishwi na kuta imara. Picha ya heshima iligeuka postikadi, picha ya kawaida ikakatwa na kuwa ya utambulisho, na picha ya nyumbani ikawa ya makumbusho. Katika kila mpito, kilichobadilika ni uwezo wa aliyepigwa juu ya sura yake. Mwaka 1848 mtu wa pwani aliyesimama mbele ya kamera ya Guillain hakubaki na chochote. Miaka hamsini baadaye, mtu aliyetoka utumwani aliweza kutoka studio akiwa na sura yake mkononi. Umbali kati ya watu hao wawili ni sehemu ya historia ya uhuru katika Afrika Mashariki, na picha zitausimulia iwapo zitaulizwa kwanza ziliagizwa na nani.